Saa ya Ukutani na Jua la Ujiji: Nani Amfuate Mwenzake?

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini wa Ujiji baada ya Swala ya Alasiri, katika maandalizi ya mwezi wa Ramadhani.)

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema. Ama baad.



Tumeombwa tuzungumzie maandalizi ya Ramadhani. Hapana shaka wengi wenu mnatarajia kusikia habari za daku, futari, Tarawehe na zaka. Hayo, inshaallah, watayaeleza walimu wengine. Sisi tumechagua jambo linaloonekana dogo, lakini likiharibika huharibu saumu na swala kwa pamoja. Jambo hilo ni saa. Tutaianza safari yetu na sekunde moja tu, kisha tutafika kwenye saa nzima.

SEKUNDE ILIYOONGEZWA

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, wakati wengi wetu tumelala, saa kuu za dunia zilifanya jambo ambalo saa yako ya ukutani haijawahi kulifanya. Hapa Tanzania ilikuwa inakaribia saa tisa usiku. Zilipofika sekunde ya 59 ya dakika ya mwisho, hazikuingia saa tisa kama ilivyo ada. Zilihesabu sekunde ya 60, ndipo zikaingia saa tisa. Dakika hiyo ilikuwa na sekunde 61.

Kwa nini? Zamani sekunde ilikuwa mtoto wa siku. Watu walichukua siku moja ya jua, wakaigawa kwa saa 24, kila saa dakika 60, na kila dakika sekunde 60. Kwa hiyo sekunde ilikuwa sehemu moja katika sehemu 86,400 za siku. Mwaka 1967 wataalamu wa vipimo waliiondoa sekunde kwenye jua, wakaifunga kwenye atomi ya madini yaitwayo sesiamu. Tangu hapo sekunde moja ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi hiyo. Saa za namna hii hazipotezi sekunde moja hata kwa mamilioni ya miaka.

Lakini ardhi tunayoikalia haikuumbwa kuwa saa ya sesiamu. Inazunguka, na mzunguko wake hubadilika. Ndugu zetu wa pwani wanaijua bamvua, wakati bahari inapojaa sana na kupwa sana. Sisi wa ziwani hatuyaoni maji yakijaa na kupwa kwa namna hiyo, ingawa mwezi tunaujua vyema, maana kwenye mbalamwezi wavuvi wetu wa dagaa huzima karabai zao na kupumzika. Mwezi ndio unaoyavuta maji ya bahari kwa sehemu kubwa. Maji hayo yanayovutwa husuguana na ardhi inayozunguka chini yake, na msuguano huo huipunguzia ardhi mwendo kidogo kidogo. Kwa wastani wa karne nyingi, siku imekuwa ikirefuka kwa chini ya sehemu mbili za elfu moja za sekunde katika kila miaka mia moja.

Mtu atasema: kiasi hicho ni kitu gani? Ndugu zetu, kidogo kinachojirudia kila siku si kidogo. Alikuwapo mjini Cairo mwanachuoni wa elimu ya falaki, Ibn Yunus, aliyefariki mwaka 399 Hijria, yaani 1009 Miladia. Aliandika kwa uangalifu nyakati za kupatwa kwa jua na mwezi. Wataalamu wa zama zetu walipozipima taarifa za kale kama hizo, waliona kwamba lau ardhi ingezunguka siku zote kwa kasi moja na saa zetu za leo, kupatwa huko kungepishana na nyakati zilizoandikwa kwa zaidi ya dakika ishirini. Sehemu ndogo ya sekunde, ikikusanywa kwa miaka elfu moja, imekaribia kuwa nusu saa. Na shahidi wa jambo hilo ni kalamu ya Mwislamu aliyekuwa akitazama mbingu kwa uaminifu.

Ndiyo maana mwaka 1972 dunia ilianza utaratibu wa sekunde ya nyongeza. Ilikubaliwa kwamba saa za atomi zisiachane na mzunguko wa ardhi kwa zaidi ya sehemu tisa za kumi za sekunde. Taasisi ya kimataifa inayopima mzunguko wa ardhi hutoa tangazo lake kutoka Paris miezi kadhaa kabla, na saa zote huongezewa sekunde moja. Kuanzia mwaka 1972 hadi usiku ule wa kuamkia 2017, sekunde 27 ziliongezwa.

Hebu tuzingatie jambo hili. Watu hawa hawana adhana wanayoingoja wala saumu wanayoichunga. Pamoja na hayo, walikubali kuzingojesha saa za dunia nzima kwa ajili ya sekunde moja, ili saa isije ikadai kwamba ardhi imefika mahali ambapo haijafika. Walikubali hata gharama yake. Sekunde ya nyongeza ya mwaka 2012 ilivuruga kompyuta nyingi, na safari za ndege nchini Australia zikachelewa.

Sasa tujiulize sisi, ambao Qur'ani katika Sura An-Nisaa aya ya 103 imezifunga swala zetu na nyakati zake. Je, tunaingojea ardhi?

SAA YETU NA JUA LETU

Saa ya Tanzania haikutengenezwa kwa ajili ya Kigoma. Tukilisema hili hatumlaumu mtu, bali tunatoa hesabu. Ardhi huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika nne. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 Mashariki. Mstari huo haupiti popote katika nchi yetu, bali unapita mbali baharini, mashariki ya Zanzibar. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na robo hivi. Kigoma na Ujiji tuko kwenye nyuzi 29 na zaidi ya nusu.

Piga hesabu nasi. Kutoka 45 hadi kwetu ni nyuzi 15 na kitu. Zidisha kwa nne, utapata zaidi kidogo ya dakika 61. Maana yake ni kwamba saa ya ukutani inapogonga saa sita mchana, jua la Ujiji, kwa wastani, bado lina saa nzima na dakika moja kabla ya kufika kati ya mbingu. Baina yetu na Dar es Salaam pana karibu nyuzi tisa na nusu na ziada, sawa na takriban dakika 38 na nusu. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina urefu wa kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Treni huchukua siku na usiku kuukata umbali huo, bali jua hulikata pengo hilo kwa dakika hizo 38.

Wako wanaosema: "Basi tuchukue ratiba ya Dar es Salaam, tuongeze dakika 40, mambo yamekwisha." Hayajakwisha. Dar es Salaam iko kusini zaidi yetu, na kwa sababu hiyo mchana wao haulingani kwa urefu na wetu. Mwezi Juni mchana wao ni mfupi kuliko wetu, na jua letu huchwa baada ya lao kwa takriban dakika 42. Mwezi Desemba mchana wao ni mrefu zaidi, na tofauti hiyo hushuka hadi dakika 35 hivi. Kwa upande wa kuchomoza mambo hugeuka, ikawa 35 Juni na 42 Desemba. Basi mwenye kuongeza 40 mwaka mzima, iko miezi atakayofuturu jua likiwa bado halijachwa.

ADHANA YA REDIONI

Ramadhani moja, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa ndani ya boti tukirejea Kibirizi kutoka vijiji vya kusini. Ilikuwa jioni, ziwa limetulia. Kijana mmoja alikuwa na redio ndogo. Adhana ya Magharibi ikasikika, naye akafungua mfuko wa tende, akala, akampa na mwenzake. Kisha akatunyooshea sisi.

"Maalim, karibu. Redio imeadhini."

Tukamwambia, "Imeadhini Dar es Salaam, mdogo wetu. Tazama mbele yako."

Jua lilikuwa juu ya milima ya Kongo. Halikuwa limeigusa, wala halikuwa limekaribia kuigusa. Ukinyoosha mkono na kukunja ngumi, ngumi nzima ilikaa baina ya jua na upeo wa macho. Kijana aliitema tende iliyokuwa kinywani, akanyamaza muda mrefu. Ndipo akasema maneno ambayo hatujayasahau:

"Maalim, mimi ni mvuvi. Mwaka wa nne huu nafuturu kwa redio hii. Nikiwa ziwani sisikii adhana ya msikiti."

Ramadhani nne. Mtu aliyeshinda na njaa na kiu juani, akivuta nyavu, saumu yake ikavunjika ikiwa imebakiza nusu saa na kitu. Hakuwa mvivu wala mpuuzi. Alikuwa akichunga saa kuliko wengi wetu, lakini alikuwa akichunga saa ya mji mwingine.

Aliuliza afanye nini. Tulimweleza kwamba jambo linalofanana na hilo lilitokea zama za Mtume (s.a.w.), kama anavyosimulia Bibi Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) katika Sahihi ya Bukhari: walifuturu siku ya mawingu, kisha jua likatokeza. Wanazuoni walio wengi, na ndio msimamo wa madhehebu ya Shafii tuliyokulia huku kwetu, wamesema siku hiyo hulipwa. Wako wanazuoni waliomwondolea kadhaa aliyekosea kwa kudhani kweli kwamba jua limechwa. Tulimpa kauli zote mbili, akachagua kulipa. Amekuwa akizilipa Jumatatu na Alhamisi, na kila tunapokutana naye Mwanga hutwambia zimebaki ngapi.

Na upande wa Alfajiri, hatari iko mlango wa pili. Anayejizuia kula kwa adhana ya Dar es Salaam amejizuia mapema, na saumu yake haidhuriki. Lakini akisimama akaswali Alfajiri kwa adhana hiyo, ameswali usiku. Faradhi iliyoswaliwa kabla ya wakati wake haikuswaliwa, hata kama aliyeswali alilia kwa unyenyekevu.

KOSA LETU WENYEWE

Isidhaniwe kwamba tunawanyooshea wengine kidole. Sisi wenyewe tuliporejea kutoka masomoni, tukiwa na vyeti na vitabu vya Kiarabu sandukuni, tulibandika karatasi msikitini: Adhuhuri, saa saba na dakika tano, mwaka mzima. Ilikuwa mwezi Novemba. Kwa siku zile karatasi yetu ilikuwa salama, kwani mwanzoni mwa Novemba jua la Kigoma hupinduka saa saba kasoro robo.

Tulilolisahau ni kwamba jua halipinduki saa ileile kila siku ya mwaka. Njia ya ardhi kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wake umeinama. Kwa sababu hizo mbili jua huitangulia saa kwa zaidi ya dakika 16 mwanzoni mwa Novemba, na huchelewa nyuma yake kwa dakika 14 katikati ya Februari. Novemba tunapinduliwa na jua saa saba kasoro robo, na Februari saa saba na robo. Nusu saa nzima baina yake, na karatasi yetu ilikuwa palepale ukutani.

Februari ilipofika, mzee mmoja, mvuvi wa zamani asiyejua kusoma hati yoyote ila ya Qur'ani, alitushika mkono baada ya swala akatupeleka uani. Alikuwa amesimamisha fimbo iliyonyooka, na chini yake amechora kwa chokaa mstari wa kusini na kaskazini.

"Maalim," akasema, "kabla ya jua kupinduka kivuli hulala upande wa magharibi wa mstari huu. Likisimama, kivuli hukaa juu ya mstari. Likipinduka, huvuka kwenda mashariki. Leo mmeadhini, nikaja kutazama. Kivuli kilikuwa bado magharibi."

Tukamuuliza kwa nini hakusema mbele ya jamaa. Akajibu, "Kosa la mwalimu huambiwa mwalimu kwanza. Sasa waambie wewe."

Tuliwaambia siku ileile baada ya Alasiri, nasi pamoja na jamaa tukazilipa Adhuhuri za siku hizo. Haikuwa rahisi kwa kijana aliyetoka chuoni. Lakini ndipo tulipofahamu kwamba yale tuliyoyasoma kwa majina ya Kiarabu, mzee wetu alikuwa akiyajua kwa fimbo.

Na elimu hii ni yetu tangu kale. Katika karne ya nane Hijria, Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus ulikuwa na mtu maalumu wa kuchunga nyakati, aitwaye muwaqqit. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Ibn al-Shatir, aliyetengeneza saa kubwa ya kivuli ya mnara wa msikiti ule mwaka 773 Hijria. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mwadhini hatangulii mbingu. Leo kila msikiti una spika, lakini muwaqqit hayupo.

SOMO LA MWEMBE WA UJIJI

Sisi watu wa Ujiji hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa waliopotewa na hesabu. Wageni huja kutazama mahali ulipokuwa mwembe ambao chini yake, mwaka 1871, Stanley alimkuta Livingstone. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba wawili hao hawakuafikiana juu ya tarehe ya kukutana kwao. Stanley aliandika tarehe 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaelekeza siku za mwisho za Oktoba. Hawakuwa watu wajinga; walikuwa wasafiri wazoefu waliozoea kuandika kila siku. Lakini homa na safari ndefu ziliwakatia hesabu, siku moja hapa na siku moja pale, hadi zikakaribia wiki mbili.

Kwa hesabu, Ramadhani ya mwaka 1288 Hijria iliandama katikati ya Novemba 1871. Ikiwa walikutana tarehe 10 Novemba, basi ilikuwa Shaaban inamalizika, na mwezi umekonda, huonekana alfajiri tu. Ikiwa walikutana mwishoni mwa Oktoba, kama tarehe 28, mwezi ulikuwa mpevu, umelijaza ziwa kwa nuru. Tofauti hiyo mtoto wa chuo angeiona. Waislamu wa Ujiji walikuwa katika Shaaban, wakihesabu siku za kufikia Ramadhani. Mmoja wao angeulizwa, angenyanyua macho usiku ule na shaka ingekwisha.

Somo lake ni kwamba hesabu ya binadamu hupotea, nayo huhitaji kurejeshwa kila mara kwenye ishara alizozitandaza Mola mbinguni. Sekunde ya nyongeza ni kurejea huko. Fimbo ya mzee wetu ni kurejea huko.

NG'AMBO YA ZIWA

Wako kati yetu wafanyabiashara wanaokwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura, na wengine hufika Mpulungu, Zambia. Huko kote saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja kamili. Kwetu ikiwa saa moja jioni, kwao ni saa kumi na mbili. Je, jua lao limechelewa kwa saa moja? Hasha. Baina ya Kigoma na Bujumbura jua hutofautiana kwa dakika moja hivi katika kupinduka, na Kalemie kwa chini ya dakika mbili. Ziwa ni moja na jua ni lilelile. Mpaka uko kwenye saa tu.

Tahadhari hapa ni ya simu. Mtu akiwa ziwani, simu yake inaweza kushika mtandao wa ng'ambo na kujirudisha nyuma saa moja yenyewe bila ya kumuuliza. Mwenye kusoma ratiba ya Kigoma kwa saa hiyo atachelewesha Magharibi kwa saa nzima, au atakula daku alfajiri ikiwa imeshapambazuka. Na mwenye programu ya nyakati za swala iliyoandikwa "Dar es Salaam" ataupata wakati wa Dar es Salaam, hata akiwa amesimama katikati ya Ziwa Tanganyika.

UAMUZI WA MWAKA 2022

Huenda mtasikia kwamba dunia imechoka na sekunde ya nyongeza. Ni kweli. Novemba 2022, mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliofanyika Ufaransa uliazimia kwamba, ifikapo mwaka 2035, kile kikomo cha chini ya sekunde moja kiongezwe, ili saa na ardhi ziachwe zitofautiane zaidi kabla ya kusahihishwa. Sababu yao kubwa ni kompyuta, satelaiti na mitandao isiyopenda dakika ya sekunde 61. Isitoshe, katika miaka ya karibuni ardhi imeongeza mwendo kidogo, na zimerekodiwa siku zilizopungua saa 24 kwa zaidi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kutoka mwaka 2017 hadi 2025 haikuongezwa sekunde yoyote, na wataalamu wameanza kujadili uwezekano wa siku moja kupunguza sekunde badala ya kuongeza.

Je, jambo hili litaziharibu swala zetu? Hapana. Kwa miaka mingi ijayo tofauti hiyo itakuwa ya sekunde, na ratiba zetu hupimwa kwa dakika. Hatukuzungumza habari hii ili kumtia mtu wasiwasi akae na saa ya sekunde mlangoni mwa msikiti. Dini yetu ni nyepesi. Mtume (s.a.w.) alipowaeleza maswahaba habari za siku ya Dajali itakayokuwa kama mwaka, nao wakauliza kama swala za siku moja zingewatosha, aliwaamrisha kukadiria, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Muslim. Hesabu basi haikukatazwa, na saa si bidaa. Saa ni chombo chenye manufaa kwa anayejua kinapima nini.

Tunachotaka kibaki vichwani ni hiki. Wenye saa wanaweza kukutana na kuamua saa ifungwe kwenye jua au ifunguliwe. Hilo ni lao. Sisi swala zetu zilifungwa na mbingu kabla ya saa kuwapo, na hakuna mkutano unaoweza kuzifungua.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila msikiti usimamishe fimbo na kuchora mstari uani. Si kazi ngumu. Simamisha fimbo iliyonyooka mahali tambarare, uizungushie duara. Asubuhi kivuli ni kirefu na kinapungua. Ncha yake ikigusa duara kwa kuingia ndani, weka alama. Alasiri kivuli kinarefuka. Ncha ikigusa duara kwa kutoka, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili, piga mstari hadi kwenye fimbo. Huo ndio mstari wa kusini na kaskazini, nao hautabadilika mwaka mzima. Wazee wetu wa falaki waliiita duara ya Kihindi. Ikumbukwe kwamba kwetu, karibu na tarehe 8 Machi na 5 Oktoba, jua hupita utosini na kivuli hutoweka kabisa. Siku hizo ngojeni kivuli kianze kutokeza upande wa mashariki.

Pili, ratiba ya Ramadhani ihesabiwe kwa ajili ya Kigoma yenyewe, siku kwa siku, si kwa kuongeza dakika juu ya ratiba ya mji mwingine. Ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo nao wahesabiwe ya kwao. Na ratiba ikishachapishwa, watu wawili waaminifu waijaribu kwa macho kabla ya kuibandika.

Tatu, wakati wa Magharibi tusidanganyike na milima ya Kongo. Jua likijificha nyuma ya milima, huenda bado halijachwa. Tuangalie alama tuliyofundishwa na Sunna: giza la usiku lipande upande wa mashariki, huku kwa vilima vyetu, na mchana uondoke upande wa magharibi. Kisha tusicheleweshe, kwa sababu kuharakisha futari wakati ukishathibiti ni katika Sunna.

Nne, wavuvi. Hawa ndio wanaosahaulika, kwa kuwa adhana yetu haiwafikii. Kila mwenye chombo apewe ratiba ya Kigoma, na afundishwe ile ngumi ya mkono. Jua likiwa juu ya upeo kwa ngumi moja, bado dakika 40 hivi, hata redio iseme nini.

Ndugu zetu, yule kijana wa boti alitwambia jambo jingine kabla hatujashuka Kibirizi. Jua lilikuwa sasa limezama kweli na giza limepanda juu ya mji. Alitukaribisha tena tende zake, akasema, "Maalim, miaka yote hii jua lilikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa naitazama redio."

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhani tukiwa na afya na imani, azitakabali saumu na swala zetu, na atusamehe tuliyokosea kwa kutojua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.